Kovu la Moyo Halitaki Kilevi

*Umepasuliwa moyo, umepona, umerudi nyumbani. Ukifunga shati hakuna anayejua. Halafu rafiki anakuwekea chupa mezani: "Moja tu, ya kukupongeza." Kabla hujaifungua, soma hapa. Na wewe unayelala ubavuni mwake, soma mara mbili.*

Tuanze na ukweli mmoja ambao wengi huusahau wakishatoka wodini: kidonda kilichofunga si kidonda kilichopona. Nyuzi zikishatoka na ngozi ikaungana, mtu hujitazama kwenye kioo, akauona mstari uliotoka chini ya shingo hadi karibu na chembe ya moyo, akasema basi, kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Chini ya mstari ule kuna mfupa unaoungana, kuna utando wa moyo unaojishona upya, na pengine kuna vali mpya ambayo mwili bado unaizoea. Yote hayo ni kazi ya kujenga kovu. Na pombe, iwe bia baridi ya hotelini, tembo la mnazi au uraka wa msimu wa mabibo, inaivuruga kazi hiyo hatua kwa hatua.

Usidhani haya ni mambo ya wazee wenye vitambi na presha. Wengi wanaobadilishiwa vali za moyo hapa kwetu ni vijana, watu wa umri wako na wangu, wenye kazi, wachumba, wake, waume na watoto wadogo. Ndiyo maana tumeona suala hili lizungumzwe humu, kwenye kurasa za wapendanao, badala ya kuwaachia madaktari peke yao.

ZAMANI INDIA, LEO UPANGA

Kuna wakati ukisikia fulani anakwenda kupasuliwa moyo, ulijua safari ni ya India. Wengine walibahatika kupata rufaa ya Serikali, wengine walichangiwa na ndugu, na wapo ambao foleni iliwashinda. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza kufanyika Muhimbili, na mwaka 2015 huduma hiyo ikapata taasisi yake inayojitegemea, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo wengi tunaiita JKCI, pale pale Upanga, Dar es Salaam.

Maana yake ni kwamba leo mtu anayetoka Kilwa Kivinje, Nangurukuru au Lindi mjini anaweza kupanda basi, akatibiwa, na akarudi kwao bila kuona ndege. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini limeleta swali jipya: akirudi kijijini, mbali na daktari aliyempasua, nani anamlinda dhidi ya chupa?

Ndiyo maana makala hii tumeielekeza pwani ya Kilwa na Lindi. Sababu ni mbili: umbali na msimu. Tutazifikia zote. Kwanza tulielewe kovu lenyewe.

MAKOVU MATATU, SI MOJA

Watu wengi wakisema kovu la moyo wanafikiria ule mstari wa kifuani. Kwa mgonjwa wa vali, makovu ni matatu.

La kwanza lilianza utotoni. Mtoto aliumwa koo. Koo likapoa lenyewe, hakuna aliyempeleka zahanati. Wadudu wa koo lile, wasipotibiwa kwa dawa sahihi, huweza kuufanya mwili ujishambulie wenyewe wiki chache baadaye: viungo vinavimba, homa inapanda, na vali za moyo zinaumia. Ugonjwa ukirudi mara kwa mara, vali inajaa makovu, inakakamaa, inashindwa kufunguka au kufunga vizuri. Miaka inapita. Msichana anaolewa, anabeba mimba, na hapo ndipo anaanza kuhema kama amekimbia, kwa sababu mimba inauongezea moyo kazi. Huo ndio ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi. Kwa hiyo elewa: mtu huyu anapelekwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya kovu, kabla hajapata kovu la kisu.

La pili ni la kifua. Daktari hupasua mfupa wa kidari katikati, na akimaliza anaufunga kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Mfupa huo huchukua takriban wiki sita hadi nane kushikana, na kama miezi mitatu kuwa imara. Ngozi nayo ina ratiba yake. Wiki tatu baada ya kushonwa huwa na kama robo tu ya nguvu yake ya awali, na hata ikipona kabisa haizidi asilimia 80 ya ile ya mwanzo. Kovu haliwi ngozi tena. Ni kiraka kizuri.

La tatu huwezi kuliona. Ni pale vali mpya iliposhonewa kwenye moyo, na pale moyo wenyewe ulipokatwa na kushonwa. Ile pete ya kitambaa inayozunguka vali hufunikwa polepole na tishu za mwili, kazi ambayo huchukua takriban miezi mitatu. Kabla haijafunikwa, damu huweza kuganda juu yake kirahisi. Hili ndilo kovu linaloamua kama mtu ataishi vizuri. Nalo, kwa bahati mbaya, halina kioo.

KIDONDA KINAVYOPONA

Fikiria fundi anayejenga ukuta uliobomoka. Kwanza anazuia udongo usiendelee kuporomoka, halafu anasafisha kifusi, halafu anajenga, mwisho anapiga lipu. Mwili hufanya hivyo hivyo.

Siku ya kwanza damu inaganda na kuziba. Siku chache zinazofuata chembechembe nyeupe za damu zinaingia kula wadudu na kusafisha uchafu, na ndiyo maana pembeni mwa kidonda panakuwa na joto na wekundu kidogo. Kisha inakuja kazi ya ujenzi: mishipa midogo ya damu inachipua, na chembe maalumu zinafuma nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Hiyo kolajeni ndiyo kovu lenyewe. Baada ya wiki kadhaa mwili unaanza kuzipanga upya nyuzi zile, zile zilizokaa ovyo zinang'olewa, mpya zinawekwa kwa mpangilio. Awamu hii ya mwisho huendelea kwa miezi, hata mwaka na zaidi.

Unaona sasa kwa nini mtu akisema "mbona nimeshapona" mwezi wa pili, anajidanganya? Fundi bado yuko juu ya jukwaa.

POMBE INAFANYA NINI HASA?

Inawachelewesha wasafishaji. Pombe inazipunguzia nguvu chembechembe nyeupe za damu. Zinafika kidondani kwa kuchelewa na zinakula wadudu wachache. Kidonda cha kawaida kikiingia usaha ni kero. Kidonda cha kifua kikiingia usaha ukafika kwenye mfupa ni dharura: mtu anarudishwa chumba cha upasuaji, na hapo maisha yako hatarini.

Inapunguza mishipa mipya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, walichapisha mwaka 2005 matokeo ya jaribio walilolifanya kwa panya. Panya walipewa pombe mara moja tu, kisha wakajeruhiwa kidogo kwenye ngozi. Mishipa mipya ya damu kwenye vidonda vyao ilipungua kwa hadi asilimia 61, na ujenzi wa kolajeni nao ukadhoofika. Mtu si panya, ni kweli. Lakini angalia lile neno: mara moja. Si ulevi wa miaka kumi.

Inaiba vifaa vya ujenzi. Kolajeni haijengwi kwa hewa. Inataka protini, vitamini C, madini ya zinki. Mnywaji anashiba pombe, sahani inabaki. Pwani ya Kilwa ina samaki, pweza, machungwa, maembe na mboga za majani, kila kitu fundi anachohitaji. Sasa mtu anaacha mchuzi wa samaki mezani anakwenda kunywa. Hapo kovu litajengwa na nini?

Inavuruga usingizi. Wapo wanaosema wanakunywa kidogo ili walale, maana kifua kinauma usiku. Pombe inakulaza haraka, kweli, lakini inaukatakata usingizi wa alfajiri, na mwili unahitaji usingizi mzuri ili upone.

Inamwangusha mtu. Hili halihitaji utafiti. Mtu ambaye kidari chake kimefungwa kwa nyaya hatakiwi kubeba ndoo ya maji, kuvuta nyavu, kupanda mnazi wala kuendesha bodaboda. Akilewa, atafanya moja ya hayo, au ataanguka akielekea chooni. Mfupa ukiachia, safari ya Dar inaanza upya.

Halafu kuna dawa za maumivu. Parasetamoli ya kumeza mara kwa mara ukiichanganya na unywaji mwingi inaumiza ini. Dawa kali za maumivu ukizichanganya na pombe zinaweza kupunguza pumzi mpaka mtu asiamke.

MOYO WA SIKUKUU

Sasa tuingie ndani zaidi. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Philip Ettinger, na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa waliofika hospitali mapigo ya moyo yakiwa yamekwenda mrama, wengi baada ya kunywa sana mwishoni mwa wiki au sikukuu. Hali hiyo wakaipa jina linalomaanisha "moyo wa sikukuu". Chumba cha juu cha moyo, badala ya kupiga kwa mpangilio, kinatetemeka tu kama jani. Damu inatuama, inaganda, na donge likipanda kichwani mtu anapata kiharusi.

Hiyo ni kwa moyo ambao haujaguswa na kisu. Moyo uliopasuliwa, wenye makovu mabichi, una sababu zaidi ya kutetemeka, kwa sababu umeme wa moyo haupiti vizuri kwenye kovu. Kati ya wagonjwa 10 wanaopasuliwa moyo, wawili hadi wanne hupata mtetemeko huo siku chache baada ya upasuaji hata bila kuonja tone la pombe. Kwa nini uuchokoze?

Kuna habari njema pia. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu 140 wenye tatizo hilo la mapigo, wote wanywaji wa vipimo 10 au zaidi kwa wiki. Hawa hawakuwa wagonjwa wa upasuaji wa vali, lakini somo linatufaa. Nusu waliambiwa waache, nusu waendelee kama kawaida. Ndani ya miezi sita tatizo liliwarudia asilimia 73 ya walioendelea kunywa, na asilimia 53 ya walioacha. Kuacha hakukuwaponya wote, lakini kulileta tofauti kubwa bila kidonge hata kimoja.

VALI YA CHUMA, KIDONGE NA BARABARA

Vijana wengi huwekewa vali ya kutengenezwa isiyochakaa upesi. Gharama yake ni kidonge cha warfarini, kila siku, maisha yote, ili damu isigande kwenye vali. Kipimo kinachoonyesha kama dozi inatosha kinaitwa INR. Ikishuka sana, damu inaganda na vali inakwama. Ikipanda sana, mtu anatokwa damu, puani, tumboni, hata kichwani.

Pombe inacheza na namba hiyo pande zote mbili. Ukinywa nyingi kwa mkupuo, INR inaweza kupanda. Ukiwa mnywaji wa kila siku, ini linazoea kuivunja dawa haraka na INR inashuka. Juu ya hayo, mlevi anasahau kidonge. Hata kisamvu, mchicha na matembele vina vitamini inayopingana na dawa hii. Mboga hizo usiziache, ila zile kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki. Mtu anayelewa Jumamosi na kufunga mdomo Jumapili hana kiasi kile kile cha kitu chochote.

Hapo ndipo umbali unapoingia. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Lindi ni zaidi ya 400. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa adha ya kuvuka kwa pantoni. Lakini Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu eneo la Somanga wilayani Kilwa, pwani yote ya kusini ilijikuta imetengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mtu wa Masaki akitokwa damu puani isiyokata anaita teksi. Mtu wa Kilwa anaanzia Hospitali ya Wilaya pale Kinyonga, Kivinje, au Sokoine kama yuko Lindi, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Kwa hiyo chupa moja inayoinywewa Kilwa ni hatari kuliko ile ile inayonywewa Dar. Pombe ni moja, barabara ndiyo ndefu.

MSIMU WA MABIBO NA "MOJA TU"

Anayeifahamu kusini anajua. Korosho zikianza kudondoka, miezi ya mwisho wa mwaka, mabibo yanakuwa mengi kuliko midomo ya kuyala. Yanakamuliwa, yanachachuka, uraka unapatikana kwa bei ya chee. Mwingine anauchemsha na kuukinga kuwa gongo, pombe iliyopigwa marufuku na ambayo hakuna anayejua ukali wake mpaka imeshuka kooni. Msimu huo huo pesa za korosho zinaingia mifukoni, harusi zinapangwa, ngoma zinalia. Mgonjwa aliyerudi kutoka Upanga mwezi wa tisa anaingia moja kwa moja kwenye sherehe.

Na sherehe ina kauli yake: "moja tu". Tuipige hesabu hiyo moja. Chupa ya bia ya nusu lita yenye ukali wa asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi kitupu. Kipimo kimoja anachokitaja mtaalamu wa afya kwa kawaida ni gramu 10. Kwa hiyo moja yako ni mbili. Uraka wa kwenye jagi? Hapo hakuna anayejua ni ngapi.

Lakini liko jambo zito zaidi, ambalo ni gumu kulisema pwani. Kwa watu wa dini, na Kilwa na Lindi ni kwa watu wa dini, kunywa ni siri. Sasa mgonjwa yuko mbele ya daktari, kabla ya upasuaji. Amesindikizwa na mama mzazi, na shemeji, na pengine mkwe. Daktari anauliza: "Unatumia kilevi?" Unadhani atajibu nini?

Jibu hilo la uongo lina bei. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla, ndani ya siku mbili au tatu za mwanzo huweza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio, kuona vitu ambavyo havipo, hata kupata degedege. Sasa weka hayo kwa mtu aliyefunguliwa kifua juzi, anapapatika kitandani huku mfupa wake umeshikwa na nyaya. Daktari asiyejua anatafuta ugonjwa mwingine. Anayejua anakuwa ameshajiandaa na dawa.

Na anayesema ukweli mapema anapata faida nyingine. Mwaka 1999 watafiti wa Denmark walichapisha utafiti mdogo wa wanywaji wakubwa 42 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa utumbo. Walioacha pombe mwezi mmoja kabla, asilimia 31 walipata matatizo baada ya upasuaji. Walioendelea kunywa, asilimia 74. Si upasuaji wa moyo, lakini mwili unaopona ni ule ule.

Kwa hiyo, mama, mke, mume, shemeji: daktari akianza kuuliza mambo ya ndani, omba udhuru utoke nje. Na wewe mgonjwa, mwambie daktari unataka kuzungumza naye faragha. Yeye si sheikh wala padri. Hakuulizi ili akuhukumu.

MWENZI, HAPA NDIPO ULIPO WEWE

Wanandoa wengi wakifika nyumbani hujigawa: mmoja mgonjwa, mwingine polisi. Polisi ananusa pumzi, anapekua mifuko, anapiga simu kijiweni. Mgonjwa naye, ambaye ameshachoka kuhurumiwa, anajificha ili ajisikie mtu mzima tena. Hapo mmeshapotea wote wawili.

Kinachosaidia ni makubaliano, na makubaliano hufanywa kabla ya sherehe, si katikati yake. Kama wewe mwenzi unakunywa, hili ni lako pia. Huwezi kufungua yako sebuleni halafu umwambie mwenzako anywe maji ya matunda. Miezi mitatu ya kovu, iwe miezi mitatu ya nyumba nzima. Dafu lipo, maji ya ukwaju yapo, juisi ya maembe ipo.

Na mapenzi? Tunajua mnauliza. Madaktari wengi huruhusu tendo la ndoa baada ya wiki sita hadi nane, mtu akiweza kutembea haraka au kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana wala kuumwa kifua. Mchague mkao usioweka uzito kifuani wala kumlazimu kujiinua kwa mikono. Wapo wanaotaka glasi moja ya kutoa woga. Woga huo ni wa kawaida, hata mwenzi mzima huogopa kumuumiza mgonjwa, lakini hutoka kwa kuzungumza. Pombe inaudhoofisha uume, inaupeleka moyo mbio na inamfanya mtu asisikie kifua kinaposema basi.

Kwa mke mwenye vali ya kutengenezwa, jambo moja la kuzingatia mno: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Msishike mimba kwa bahati. Wala usiache dawa mwenyewe ukijigundua una mimba, maana vali inaweza kuganda. Nendeni kliniki wote wawili kabla ya kupanga mtoto.

MNAULIZA, TUNAJIBU

*Kovu langu limevimba na linawasha. Ni kwa sababu nilikunywa?*
Si lazima. Makovu yanayovimba kupita mipaka ya kidonda, yaani keloidi, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na kifua ni moja ya sehemu zinazoongoza. Mara nyingi ni ya asili na ya kurithi. Muone daktari wa ngozi, kuna tiba. Usilikune wala usilichanje.

*Si wanasema mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo?*
Walisema sana miaka ya nyuma. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kuwa hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya. Kwa moyo wenye mshono mpya, hata usiulize.

*Uraka ni matunda, una vitamini C. Vipi?*
Bibo lina vitamini C nyingi kweli. Basi kunywa juisi yake mbichi kabla haijachachuka.

*Lini nitaruhusiwa tena?*
Kwa miezi mitatu ya kwanza jibu rahisi ni kutokunywa kabisa. Kama unatumia warfarini, mapigo yako yanakwenda mrama au misuli ya moyo imedhoofika, salama yako ni kuacha moja kwa moja. Wengine wote, aamue daktari wako wa kliniki, si rafiki wa kijiweni.

*Nimeshakunywa jana. Nifanyeje?*
Usizidishe wala kuruka dozi ya warfarini. Kunywa maji, kula, pumzika. Ukiona damu isiyokata, choo cheusi, kichwa kuuma sana, mapigo kwenda ovyo, homa, usaha, au kifua kulia "kwa-kwa" ukijigeuza, nenda hospitali leo hii, na useme ulikunywa.

KUBALIANENI HAYA SITA

1. Tarehe. Hesabuni miezi mitatu toka siku ya upasuaji, muiandike ukutani.
2. Kauli ya sherehe. "Niko kwenye dozi" inatosha. Hakuna haja ya kumwonyesha kila mtu kovu.
3. Msindikizaji. Kwenye harusi awepo ndugu mmoja anayejua hali ilivyo.
4. Saa ya kidonge. Warfarini imezwe saa ile ile kila siku, simu iwakumbushe wote wawili.
5. Kadi. Jina la dawa, INR ya mwisho na aina ya vali viwe mfukoni, maana hospitali ya karibu huenda haikujui.
6. Akiba ya nauli. Pesa ya kufika Dar ikae pembeni, hata msimu wa korosho ukiwa mbaya.

Na kama mwenzako ameshindwa kuacha, usimfiche na usimfukuze. Mtu anayehitaji kinywaji asubuhi ili mikono itulie ni mgonjwa kwa mara ya pili, na ugonjwa huo nao unatibika. Asikatishwe ghafla nyumbani peke yake. Mpelekeni hospitali.

Upasuaji wa moyo ni kazi ya saa chache ya watu waliosomea miaka mingi. Kovu ni kazi ya miezi, na mafundi wake ni nyinyi wawili, kwenu, mezani na chumbani. Chupa itakuwepo hata mwakani. Hakikisheni na yeye yupo.